Kabla ya Kugusa Esansi, Pima Kipimo Chenyewe

(Maneno niliyowaambia mafundi wa magari na moto (pikipiki) mjini Goma, siku ya kwanza ya mafunzo yetu ya siku mbili. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikaingiza na namba nilizoziandika ubaoni.)

Mapatroni wenzangu wa garaji, wazee walionitangulia katika kazi hii, na ninyi wadogo zangu mliokaa nyuma na oili bado iko kwenye kucha: nawashukuru kwa kufunga garaji siku ya kazi. Najua kila mmoja ameacha gari limefunguliwa na mwenye gari anapiga simu.

Nianze na hiki nilichokishika. Ni pistoni. Ipitisheni mkono kwa mkono, mguse ukingo wake wa juu, pale palipoliwa. Aluminiamu imeyeyuka kama nta, kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba hakipo tena. Pistoni hii niliichoma mimi, na wakati naichoma nilikuwa na kipimo cha kisasa kuliko vyote vilivyowahi kuingia garajini kwetu.

Lilikuwa gari la turbo. Mwenyewe alitaka lipande Kibumba na mzigo bila kuhema. Nikamfungia kompyuta mpya ya injini, sensa ya oksijeni ya waidibendi, kontrola yake (kisanduku kinachoiendesha sensa), na geji ndogo ya duara pale dashibodi. Kutoka kwenye kontrola nikavuta waya wa ishara mpaka kwenye kompyuta ya injini, ili nisome mchanganyiko kwenye laptopu. Tukashika barabara ya Rutshuru: mwenye gari kwenye usukani, mimi pembeni na laptopu mapajani, na kijana wetu aliyekuwa akijifunza kazi amekaa nyuma. Nilikuwa natafuta 11.5, yaani kilo 11.5 za hewa kwa kilo 1 ya esansi (petroli), mchanganyiko mzito wa kupoza injini ya turbo inapobeba mzigo mlimani. Nikapunguza esansi kidogo kidogo mpaka laptopu ikaonyesha 11.5. Kijana akachomoza kichwa katikati ya viti. "Patroni, geji inasema 12.3." Nikamjibu bila kugeuka: "Geji inachelewa." Tulipanda tena. Akasema tena. Nikamwambia anyamaze nifanye kazi.

Siku ya nane gari likarudi likivutwa kwa kamba.

Kijana yule leo ana garaji yake Majengo, na yumo humu ndani. Yeye aliona sawa. Mimi ndiye niliyekuwa na namba mbili mbele yangu nikachagua ile niliyoitaka. Ndiyo maana leo sitasema sana habari ya kutafuta nguvu za injini. Nitasema habari ya kujua kama kipimo kinasema kweli. Sikio la fundi likikosea, fundi mwenyewe ana mashaka, anakwenda taratibu. Namba ikikosea, anaifuata bila woga mpaka pistoni inayeyuka.

Tuijue kwanza sensa yenyewe. Bosch walianza kuitengeneza sensa ya lambda kwa ajili ya magari mwaka 1976, na Volvo ndio waliotangulia kuifunga. Ile ya zamani, ambayo bado imejaa kwenye magari yetu, inajua kusema mambo mawili tu: esansi imezidi, au hewa imezidi. Inatoa volti 0.1 mpaka 0.9 hivi, na inaruka ghafla ikipita 0.45, pale ambapo hewa na esansi vimetoshana. Mahali hapo tunapaita lambda 1. Kwa esansi ya kawaida ni 14.7 kwa 1. Kwa kompyuta ya kiwandani inatosha, kwa sababu kazi yake ni kuyumba huku na huku karibu na lambda 1 ili katalisti, kile kisafisha moshi, ifanye kazi. Kwa fundi anayetaka kujua kama yuko 11.5 au 12.3, haimsaidii chochote. Kwake zote mbili ni "esansi imezidi".

Waidibendi ni kitu kingine. Ndani yake kuna kijumba kidogo sana ambamo moshi unapenya. Ukuta mmoja wa kijumba unapima oksijeni, na unaitwa kwa jina la Walther Nernst, Mjerumani aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920. Ukuta mwingine ni pampu ya oksijeni inayoendeshwa na umeme. Fikirini mvuvi wa Kivu ndani ya mtumbwi unaovuja, ambaye ameamua maji yasipande kupita kifundo cha mguu. Hahitaji kulitazama tundu. Akihesabu vikombe anavyochota kwa dakika, anajua tundu lina ukubwa gani. Kontrola inafanya hivyo hivyo: inaushikilia ukuta wa Nernst kwenye milivolti 450, na kila oksijeni inapoingia kijumbani, inaisukuma nje. Esansi ikizidi, inageuza pampu, inaingiza oksijeni ndani. Umeme uliotumika kusukuma ndio kipimo. Kwa hiyo hiyo namba unayoiona kwenye geji imetengenezwa na sensa na kontrola pamoja, na moja kati ya hizo ikifungwa vibaya, namba itaendelea kuja, nzuri, yenye nukta, na ni ya uongo.

Hapa niseme neno kwa wanaotengeneza Toyota, maana ndizo zimejaa mjini. Baadhi yake zina sensa ya waidibendi tangu kiwandani, ya nyaya nne, na ukiitazama haraka unaona ni ile ile ya kawaida. Fundi anaweka multimeta, anangoja volti zicheze kati ya 0.1 na 0.9, anakuta waya mmoja umetulia kwenye 3.3. Anasema imekufa. Anakata nyaya, anaunganisha ya kawaida ya nyaya nne, rangi kwa rangi. Gari linaanza kunywa esansi, na mwenye gari anaambiwa injini imechoka. Nimepokea magari matatu ya namna hiyo. Injini zote tatu zilikuwa nzima.

Sasa kufunga. Sensa inataka nati ya M18 yenye hatua ya milimita 1.5, ichomelewe kwenye bomba la moshi. Gari la turbo, baada ya turbo. Lisilo na turbo, baada ya mabomba yote ya kolekta kukutana. Lenye katalisti, kabla ya katalisti. Usichomelee sensa ikiwa ndani. Weka boliti ya zamani ndani ya nati ili hesi zisipinde, chomelea, acha ipoe, halafu ndipo uitoe. Sensa ielekee juu: ukilitazama bomba kama uso wa saa ya ukutani, iwe upande wa juu, ikiinama walau digrii 10 kutoka usawa, ili maji yasikae kwenye ncha. Nalirudia neno hili la maji kwa sababu ndilo linaloua sensa nyingi. Tazameni gari lolote asubuhi ya baridi likiwashwa: bomba linatema maji. Ndani ya sensa kuna kauri inayopashwa moto mpaka digrii 780 kwa LSU 4.9, na 750 kwa LSU 4.2, aina mbili za waidibendi za Bosch. Tone moja la maji likiiangukia, inapasuka kama chungu cha moto kilichomwagiwa maji ya baridi. Tena usiifunge chini ya bomba: barabara zetu ni mawe ya volkano, na jiwe likirushwa na gurudumu halikosi pa kupiga.

Ukiikaza, kati ya Nm 40 na 60. Grisi ya hesi ipakwe kwenye hesi peke yake, isifike kwenye ncha. Na ile silikoni ya kubandikia gasketi, tunayoipenda kupita kiasi, mvuke wake unaziba sensa. Vivyo hivyo oili inayoungua, na maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Injini inayotoa moshi wa bluu itengenezwe kwanza.

Umeme wa kontrola uchukuliwe mahali panapopata umeme injini inapozunguka, kwa mfano kwenye rilei ya pampu ya esansi, na uwe na fyuzi yake. Kwa nini? Ukiiwasha sensa gari likiwa limezimwa, inakaa na moto wake ikingoja maji ya kuwashia. Na ukiiacha ndani ya bomba bila umeme injini ikiwa inazunguka, masizi yanaijaa, kwa sababu haina moto wa kuyachoma. Gari ambalo kontrola yake imetolewa ipelekwe gari lingine, sensa nayo itolewe, nati ifungwe kwa boliti. Hii ya "tuiache tu humo, tutairudia" imetugharimu sensa nyingi.

Jambo la plagi ya nyaya. LSU 4.9 ina rezista ndogo ndani ya plagi yake, iliyokatwa kwa leza kiwandani ili kufidia tofauti ya sensa moja na nyingine. Ukikata plagi kwa sababu waya ni mfupi, umetupa upimaji wa kiwanda kwenye pipa la taka. Refusha waya upande wa kontrola. Ya 4.2, nayo, inavuta hewa yake ya kulinganishia kupitia ndani ya nyaya zake. Kwa hiyo kwenye plagi yake usipulize dawa ya kusafishia, wala usiizibe kwa silikoni. Itakosa pumzi.

Tumefika kwenye kupima kipimo. Kontrola za 4.2, na baadhi ya nyingine, zinataka zionyeshwe hewa safi kwanza. Unaitoa sensa kwenye bomba, unaining'iniza hewani, unaipa umeme, unangoja ipate moto wake kamili, halafu unaiambia kontrola: hii ndiyo hewa, ina oksijeni asilimia 20.9. Tangu hapo kila kitu inakilinganisha na hewa ile. Basi hewa yenyewe iwe hewa kweli. Usiifanye ndani ya garaji ambamo magari mawili yananguruma. Toka uani, mbali na mabomba, mbali na bidoni za esansi.

Na sisi wa Goma tuna jambo ambalo kitabu cha maelekezo hakiwezi kuliandika: mazuku. Mnaotoka Mugunga, Bulengo na pande za ziwani huko Kyeshero mnayajua kuliko mimi. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi, inalala kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Pale ilipolala, imeisukuma oksijeni pembeni. Tuseme mahali ulipoining'iniza sensa oksijeni imeshuka mpaka asilimia 19. Kontrola itaandika kwamba 19 ni 20.9, na kipimo chako cha upande wa hewa nyingi kitakuwa kimepinda sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo fanya kazi hii mchana, mahali palipoinuka, penye upepo. Na kabla ya kuifikiria sensa, fikiria mtu. Garaji yenye shimo la kuingilia chini ya gari, katika mitaa hiyo, hilo shimo ni nyumba ya mazuku. Msimteremshe kijana mle alfajiri. Nasema kwa moyo wote: hakuna gari lenye haraka kiasi hicho.

Upimie hapa hapa, usiridhike kwamba aliyekuuzia alishaipima Mombasa au Dubai. Sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kilopaskali 85 hivi, na la pwani ni 101.

Sasa turudi kwenye pistoni. Mko nayo wapi? Haya.

Kontrola ya gari lile ilitoa ishara ya volti 0 mpaka 5: volti 0 maana yake 10, volti 5 maana yake 20. Kwa hiyo volti 1 ni alama 2. Geji ilisema 12.3, yaani kontrola ilikuwa inatoa volti 1.15. Laptopu ilisema 11.5, yaani kompyuta ya injini ilikuwa inaona 0.75. Volti 0.4 zilipotelea njiani, na waya wenyewe ulikuwa mzima. Nilitafuta siku mbili. Nilikuja kuzikuta kwenye boliti moja ya masi (pale umeme unapopita kurudi hasi ya betri), nyuma ya injini, ambapo waya wa hasi wa kompyuta ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu. Masi ya kontrola nilikuwa nimeifunga safi, moja kwa moja kwenye betri. Feni ikiwaka, taa zikiwaka, koili zikipiga kwa nguvu mlimani, umeme wote wa kompyuta ulikuwa unang'ang'ania kupita kwenye kutu ile, na masi ya kompyuta ikawa imeinuka volti 0.4 juu ya masi ya betri. Kompyuta inapima kutoka pale iliposimama. Iliposimama juu, ishara ikaonekana fupi, mchanganyiko ukaonekana mzito, nami nikapunguza esansi. Garajini, gari likiwa limetulia na feni imezimwa, tofauti ilikuwa ndogo hata singeiona. Ilikua pale tu injini ilipohitaji ukweli.

Tangu siku ile nafanya hivi. Masi ya ishara ya kontrola inakwenda pale pale penye masi ya sensa za kompyuta. Masi ya hita ya sensa, ikiwa kontrola ina waya wake peke yake, inakwenda kwenye injini yenyewe, kwa sababu hita inavuta umeme mwingi kwa kupigapiga, na isiyumbishe ishara. Halafu multimeta: ncha moja kwenye masi ya kontrola, nyingine kwenye masi ya kompyuta, injini inazunguka, nawasha kila kitu, taa, feni, hita, wiper. Ikizidi volti 0.02 siendelei. Mwisho nalinganisha geji na laptopu mara tatu: gari limetulia, gari linatembea kwa mwendo mmoja, gari linapanda. Zikipishana, nasimama. Kuna kontrola zinazotuma namba kwa njia ya CAN, yaani kwa ujumbe wa kidijitali badala ya volti, na hapo ugonjwa huu wa volti haupo. Anayeweza kununua ya namna hiyo ainunue.

Hata kipimo kikisema kweli, fundi anaweza kukisikia vibaya. Sensa inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Esansi haiioni. Buji moja, ile ya kutoa cheche, ikiacha kuwaka, hewa ya silinda ile inapita nzima mpaka kwenye sensa, na geji inalia "hewa imezidi". Kijana anaongeza esansi, buji inazidi kulowa, geji inazidi kulia. Gasketi ya kolekta ikivuja, kati ya pigo na pigo bomba linavuta hewa ya nje, na kilio ni kile kile. Kwa hiyo namba ikikwambia hewa imezidi, buji na gasketi zije kwanza, esansi baadaye. Tena kuna esansi ya kadhafi, wale wauzaji wa barabarani: ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, lambda yake kwenye geji inaweza kuonekana nzuri kabisa, huku injini inagonga ndani. Geji haijui ubora wa esansi. Hapo sikio lenu la zamani ndilo la kuamini.

Ndugu zangu wa moto, sikuwasahau. Bomba la moto ni fupi, silinda ni moja, na ikiwa imetulia inarudisha hewa ya nje mpaka kwenye sensa. Namba ya utulivu msiiamini. Isomeni injini ikiwa imebeba. Lakini ninyi ndio mtakaofaidi haraka kuliko wote, kwa sababu ya huu mlima tunaokaa. Karbureta iliyotegwa kwa hewa ya usawa wa bahari, ikifika hapa inatoa mchanganyiko mzito zaidi kwa asilimia 7 au 8, maana hewa imepungua uzito na jeti, kitundu cha kupitishia esansi, ni ile ile. Iliyokuwa 13 inakuwa 12 hivi. Motari anaubeba mzigo huo kila siku, asubuhi mpaka usiku, na anadhani ndivyo moto ilivyo. Sensa moja ya kuazimana kati ya garaji tano, nati ya kufungulia kwenye bomba la mfano, na boksi la jeti ndogo: mtaa mzima utapona.

Tutakula, halafu tutatoka uani. Kuna gari pale lenye waidibendi, na kijana wangu wa Majengo, patroni mwenzangu sasa, ndiye atakayeongoza. Asubuhi niliharibu kitu kimoja kwenye nyaya zake, hata yeye sijamwambia ni kipi. Laptopu nimeifungia ofisini. Multimeta ziko mezani, saba.